Kura Huanzia kwa Kitambulisho: Mwongozo wa Mpiga Kura wa Kenya kuelekea 2027

Wakenya watapiga kura tena Jumanne, 10 Agosti 2027. Siku hiyo imepangwa na Katiba yenyewe: Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti, kila mwaka wa tano. Mara nyingi anayekosa kura haikosi siku hiyo akiwa kwenye foleni. Huwa ameshaikosa miezi kadhaa nyuma, kwa sababu cheti cha kuzaliwa hakikupatikana, au kitambulisho kilipotea akasema atakishughulikia baadaye, au alihama mji bila kuhamisha jina. Makala haya ni ya mtu kama huyo, ili ajue pa kuanzia, pa kwenda na atakacholipa.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna usajili wa watu, unaokupa kitambulisho cha taifa, na kuna usajili wa wapiga kura, unaoliingiza jina lako katika daftari la Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, yaani IEBC. Hizo ni ofisi mbili tofauti. Kupata kitambulisho hakukufanyi mpiga kura, hata kama una miaka arobaini. Lazima uende mwenyewe, ukiwa na kitambulisho, ukaandikwe upya kwa IEBC. Mitaani bado tunasema fulani amekwenda "kuchukua kura", msemo uliobaki tangu enzi za kadi. Siku hizi Kenya haitoi kadi ya mpiga kura kama wanavyopewa ndugu zetu wa Tanzania. Ukijiandikisha unapewa kijikaratasi cha kuthibitisha tu, na kijikaratasi hicho hakipigi kura.

Kinachopiga kura ni nini basi? Sheria ya Uchaguzi ya 2011 inatambua vitu viwili tu: kitambulisho cha taifa au pasipoti ya Kenya ambayo muda wake haujaisha. Leseni ya udereva haitoshi, wala kadi ya chuo, wala kadi ya kazi hata kama wewe ni afisa wa serikali. Nakala ya kitambulisho, au picha yake kwenye simu, haikubaliki. Na ile karatasi unayopewa ukisubiri kitambulisho kitoke, nayo pia haikuandikishi wala haikupi kura. Kuna sharti jingine ambalo huwakwaza wengi: siku ya kura utaleta kitu kilekile ulichojiandikishia. Kama ulijiandikisha kwa pasipoti, uje na pasipoti. Kama ulitumia kitambulisho, pasipoti iache nyumbani.

Ukali huu una historia. Baada ya uchaguzi wa 2007 na damu iliyomwagika, tume iliyoongozwa na jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini ilikadiria kwamba daftari la wapiga kura lilikuwa na majina ya marehemu yapatao milioni 1.2. Ndipo nchi ikaanza daftari jipya, na tangu uandikishaji wa 2012 kila mpiga kura huchukuliwa picha na alama za vidole. Nia ilikuwa njema. Lakini mlango ulipokazwa kuwazuia wafu, baadhi ya walio hai pia walibaki nje, na hao ndio wanaohitaji maelezo zaidi.

Tuanze na kijana aliyetimiza miaka 18 na hana kitambulisho. Nenda katika ofisi ya usajili wa watu ya kaunti ndogo unakoishi, au kituo cha huduma za serikali, yaani Huduma Centre, kilicho karibu. Beba cheti chako cha kuzaliwa, cha asili pamoja na nakala, na nakala za vitambulisho vya wazazi wako. Kama mzazi amefariki, beba cheti cha kifo. Sehemu nyingi utatakiwa kwanza kupitia kwa naibu wa chifu au chifu, athibitishe kwamba wewe ni mtu wa pale na wazazi wako anawajua. Utajaza fomu, utapigwa picha, utachukuliwa alama za vidole, na utapewa karatasi ya kusubiria. Itunze, kwa sababu ndiyo utakayotumia kufuatilia.

Asiye na cheti cha kuzaliwa atalazimika kurudi hatua moja nyuma. Usajili wa kuzaliwa uliochelewa hufanywa katika ofisi ya usajili wa raia kwenye kaunti ndogo, kwa barua ya chifu pamoja na chochote kinachoonyesha ulizaliwa lini na wapi: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha shule ya msingi. Hapa ndipo muda unapoliwa. Kama uko katika hali hii, usingoje tangazo la uandikishaji wa kura. Anza wiki hii.

Gharama je? Kwa miaka mingi kitambulisho cha kwanza kilikuwa bure, na kilichopotea ulikibadilisha kwa shilingi 100. Mwishoni mwa 2023 serikali ilitangaza kupandisha ada hizo, wananchi wakaenda mahakamani, na Machi 2024 zikawekwa shilingi 300 kwa kitambulisho cha kwanza na shilingi 1,000 kwa kilichopotea. Machi 2025 ile ada ya shilingi 300 ikaondolewa. Ada hizi zimekuwa zikipanda na kushuka, kwa hiyo uliza kiwango cha siku hiyo kwenye dawati la Huduma Centre kabla ya kulipa. Malipo halali hupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kwa namba ya malipo 222222, nawe unapata risiti. Karani akikuomba pesa mkononi ili faili yako iende haraka, hiyo ni hongo. Kwa maoni yangu, kumlipisha mtu kitambulisho cha kwanza ni kumlipisha kura kwa mlango wa nyuma, na heri ada hiyo isirudi tena.

Kuna Wakenya ambao kikwazo chao hakikuwa pesa. Watu wa kaunti za mpakani, na jamii kama Wanubi, walikuwa wakiitwa mbele ya kamati za kupigwa msasa: wazee na maafisa wanaokuuliza babu yako alizikwa wapi na ukoo wenu unatoka mto upi. Mwenzako wa Nyeri alikuwa akijaza fomu na kwenda zake. Huku Pwani tumeliona jambo hili kwa karibu. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, waliishi Kenya vizazi kadhaa bila uraia. Mwaka 2016 walifunga safari hadi Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta, na mapema 2017 wakaanza kupewa vitambulisho. Wapemba walitambuliwa kuwa raia 2023. Mvuvi wa Kipemba asiye na kitambulisho hakukosa kura tu. Hata namba ya simu kwa jina lake mwenyewe ilikuwa shida, na kibali cha uvuvi vilevile.

Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia saini agizo la kufuta uhakiki huo wa ziada kwa kaunti za mpakani. Kwa hiyo leo ukiambiwa urudi mbele ya kamati kwa sababu tu ya jina lako au unakotoka, una haki ya kuuliza agizo hilo limekwenda wapi. Andika jina la ofisi, tarehe na ulichoambiwa. Malalamiko unaweza kuyapeleka kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo kazi yake ni kufuatilia ofisi za umma zinazomchelewesha au kumdhulumu mwananchi, na haitozi chochote. Msaada wa sheria bila malipo hutolewa na mashirika kama Kituo cha Sheria, lenye ofisi Nairobi na Mombasa. Kwa wale wa Garissa na Wajir ambao walipokuwa wadogo waliandikishwa kambini kama wakimbizi ili familia ipate chakula, na sasa mashine inakataa alama zao za vidole, msijaribu njia za mkato. Tafuteni mwanasheria kwanza.

Kitambulisho kikitoka, nenda ukakichukue. Nasema hivi kwa sababu maelfu ya vitambulisho vilivyokwisha chapishwa hulala kwenye ofisi za machifu na Huduma Centre bila mwenyewe kutokea.

Sasa tufike kwenye daftari la wapiga kura. Huku ni bure kabisa. IEBC ina ofisi katika kila eneo bunge, nayo maeneo bunge ni 290, na uandikishaji hufanyika huko wakati wote isipokuwa karibu na uchaguzi. Kila kipindi fulani Tume hufanya pia uandikishaji wa halaiki, ambapo mashine hupelekwa hadi kwenye wadi, shuleni na sokoni. Karani atachukua maelezo ya kitambulisho chako, picha na alama za vidole vyote kumi. Huulizwi unampenda nani wala chama chako. Sheria inafunga uandikishaji angalau siku 60 kabla ya uchaguzi, yaani kwa mwaka 2027 ni karibu tarehe 11 Juni, na Tume inaweza kufunga mapema zaidi ili ipate nafasi ya kulikagua daftari. Anayengoja dakika ya mwisho atakuta foleni ndefu na mashine zimechoka.

Jiandikishe wapi? Hili lifikirie vizuri. Si lazima iwe mahali ambapo kitambulisho kinapataja kuwa kwenu. Jiulize: Jumanne hiyo ya Agosti nitakuwa wapi? Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, mwenyeji wa Busia, akijiandikisha chuoni halafu likizo ikamkuta Busia, kura yake itabaki Kilifi. Wala usikubali kubebwa kwa basi la mwanasiasa ukaandikishwe katika wadi ambayo huijui. Utamchagulia mtu mwingine mwakilishi wa wadi, na barabara ya mtaani kwako itabaki na mashimo yake.

Kama ulishajiandikisha na umehama, usijiandikishe mara ya pili. Hilo ni kosa la jinai, na alama za vidole zitakufichua. Unachohitaji ni kuhamisha usajili: nenda ofisi ya IEBC ya eneo bunge unalohamia ukiwa na kitambulisho, ujaze fomu. Sheria inataka ufanye hivyo siku 90 au zaidi kabla ya uchaguzi, yaani kabla ya katikati ya Mei 2027. Nalo ni bure.

Kisha hakikisha. Kabla ya uchaguzi mkuu Tume hulifungua daftari kwa siku 30 ili kila mtu akague jina lake na alama zake za vidole. Mwaka 2022, wapiga kura 22,120,458 walipokuwa daftarini, ungeweza pia kukagua kwa kutuma namba ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa kwa ujumbe mfupi kwenda 70000. Angalia herufi za jina, namba na kituo. Kosa la tarakimu moja likigunduliwa mwezi wa Mei hurekebishwa kwa dakika chache. Likigunduliwa asubuhi ya kura, ni mjadala.

Kati ya siku unayokagua jina na Agosti, kazi yako kubwa ni kukilinda kitambulisho. Tuna tabia mbaya nchini ya kukiacha kila mahali. Unaingia jumba la ofisi, mlinzi anakichukua na kukitia kwenye kisanduku pamoja na vingine hamsini. Unatoka kwa mlango mwingine, umesahau. Mwingine amekiweka rehani dukani kwa deni la unga, au baa kwa deni la bia. Msimu wa kura ukikaribia huja na wale wanaonunua vitambulisho vya watu, wakilipa mia tano au elfu moja, si wavitumie bali wavifungie kabatini ili wenyewe wasipige kura katika ngome ya mpinzani. Kuuza ni kosa, kununua ni kosa. Mlangoni mwambie mlinzi aandike jina na namba yako kwenye kitabu chake, akurudishie kadi yako. Mwenye duka anayeshikilia kitambulisho cha mdeni hana sheria inayomruhusu. Deni lidaiwe kwa njia nyingine.

Kikipotea, usiingiwe na hofu ya kuandikishwa upya. Piga ripoti kituo cha polisi upewe hati ya upotevu, kisha uende Huduma Centre au ofisi ya usajili wa watu uombe kingine. Namba itabaki ileile, hivyo jina lako daftarini halitikisiki. Ni hivyo pia kwa aliyebadilisha kitambulisho cha zamani akapewa kile kipya kiitwacho Maisha, na kwa dada aliyeolewa akaongeza jina la mume. Shida ni muda tu. Kadi iliyopotea Juni inaweza isiwe imerudi Agosti, na ada kama ile ya shilingi 1,000 kwa kibarua wa mjengo ni jasho la zaidi ya siku moja.

Siku ya kura vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Aliye kwenye foleni saa kumi na moja ikigonga ana haki ya kupiga kura, hata ikibidi taa ziwashwe, kwa hiyo usikubali kufukuzwa. Kituo kimoja hakipangiwi wapiga kura zaidi ya 700, na shule moja yaweza kuwa na vituo kadhaa, kila darasa na herufi zake. Soma karatasi iliyobandikwa nje kabla ya kujipanga.

Ndani, karani atachukua kitambulisho chako na kukuomba uweke kidole kwenye mashine inayoitwa KIEMS, ambayo imebeba orodha ya kituo hicho. Picha yako ikitokea, unapewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa kike, mbunge na mwakilishi wa wadi. Na kama kidole kikikataa? Hili huwapata hasa mama muuza samaki ambaye maji ya chumvi yamemla mikono, fundi wa mawe, mkulima, mtu mzima ambaye ngozi imekuwa laini kama karatasi. Futa mkono vizuri, jaribu kidole kingine, jaribu mkono wa pili. Ikishindikana, karani ataandika namba ya kitambulisho chako kwenye mashine hiyohiyo. Jina na picha vikitokea, msimamizi wa kituo hujaza Fomu 32A mbele ya maajenti wa vyama, nawe unapiga kura. Hakuna anayepaswa kukurudisha nyumbani eti kwa sababu kidole hakisomeki. Ukiona wanasitasita, itaje fomu hiyo kwa jina lake: thelathini na mbili A.

Mashine yenyewe ikifa, huletwa nyingine. Mwaka 2022 mashine zilikataa katika vituo kadhaa vya Kakamega na Makueni, watu wakasubiri kwa saa nyingi, na mwishowe Tume ikaruhusu daftari la karatasi litumike huko. Waliokwisha kata tamaa na kuondoka ndio waliopoteza.

Asiyeona, au asiyejua kusoma, au mwenye ulemavu unaomzuia kuweka alama anaweza kuingia na mtu mzima anayemwamini, hata kama ni mtoto wake aliyetimiza miaka 18. Msaidizi huyo ataapishwa na atamsaidia mtu mmoja tu siku hiyo. Usipokuwa na mtu, msimamizi wa kituo atakusaidia huku maajenti wakishuhudia. Wazee, wajawazito na wenye watoto wachanga hupitishwa mbele. Ombeni, msione haya.

Walio nje ya nchi nao wana sehemu yao, ingawa ni nyembamba. Hupiga kura ya urais pekee, na katika nchi zilizoteuliwa na Tume. Mwaka 2022 zilikuwa 12: Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, Afrika Kusini, Falme za Kiarabu, Qatar, Uingereza, Ujerumani, Kanada na Marekani. Saudia na Oman hazikuwamo, ijapokuwa dada zetu wengi wako huko wakifanya kazi za nyumbani. Kwa aliye Dubai au Doha, tatizo la kwanza huwa pasipoti iliyoshikiliwa na mwajiri. Ubalozi ndio wa kuulizwa kuhusu hilo na kuhusu tarehe za uandikishaji, mapema, kabla ya mwaka wenyewe wa uchaguzi kuanza.

Na ukizuiwa kituoni ilhali una kitambulisho halisi na jina lako limo daftarini? Usiondoke. Muulize karani sababu, kwa sauti ya kawaida. Kisha mwite msimamizi wa kituo, kwa sababu yeye ndiye mwenye mamlaka mle ndani, wala si polisi wa mlangoni wala ajenti wa chama chochote. Maajenti na waangalizi wa uchaguzi waite wawe mashahidi. Ikishindikana, mtafute msimamizi wa uchaguzi wa eneo bunge lako, ambaye namba za ofisi yake unafaa uwe umeziandika kabla ya siku hiyo. Mkumbushe kifungu cha 83 cha Katiba, ibara ndogo ya tatu: taratibu za uandikishaji na uchaguzi zinatakiwa kumrahisishia raia anayestahili kupiga kura, na haziruhusiwi kumnyima. Ukimaliza, na kidole kimepakwa wino, angalia kama kitambulisho ulichorudishiwa ni chako kweli, kwa sababu mezani huwa viko vingi.